Kuficha nyayo mtandaoni: proksi, VPN na Tor zina faida gani kwa mfanyabiashara wa mpakani?

Mfanyabiashara wa mpakani siku hizi anatembea na ofisi yake mfukoni. Ankara, hati za mzigo, nakala ya pasi ya kusafiria, bei za wateja na namba za akaunti zote hupita kwenye simu, na mara nyingi kwenye mtandao wa bure wa hoteli au wa kafe iliyo karibu na maegesho ya malori. Wengi wamesikia kwamba zipo zana za kuficha nyayo mtandaoni. Wengine wanazo tayari kwenye simu bila kujua zinafanya nini, wala kujua kwamba ukivuka mpaka, sheria inayozihusu inaweza kubadilika.

Makala hii inaeleza zana hizo moja baada ya nyingine, zinaposaidia na zinaposhindwa, pamoja na mjadala uliopo kati ya wanaozitetea na wanaozipinga.

Nani anakuona unapofungua tovuti?

Kila kifaa kinachoingia kwenye intaneti hutumia namba inayoitwa anwani ya IP. Bila namba hiyo majibu ya tovuti hayawezi kukufikia. Kwa hiyo kuna watu wa aina tatu wanaoweza kukuona.

1. Mwenye mtandao unaoutumia, kwa mfano hoteli au kafe.
2. Kampuni inayokuuzia bando. Kwa kuwa laini husajiliwa kwa kitambulisho, kampuni hiyo inajua pia laini ni ya nani.
3. Tovuti yenyewe, ambayo huona anwani yako, aina ya simu yako, na kuweka vidakuzi vya kukutambua utakaporudi.

Tovuti nyingi sasa hutumia HTTPS, ile alama ya kufuli kwenye kivinjari. Hapo yaliyomo husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka njiani. Ni kama lori lililofungwa turubai: anayesimama barabarani haoni kilichobebwa, lakini anaiona namba ya gari na kujua linaelekea wapi. Vivyo hivyo, aliye njiani hasomi neno lako la siri, lakini kwa kawaida anaweza kujua umefungua tovuti ya benki gani na saa ngapi.

Dirisha la faragha la kivinjari

Hii ndiyo zana inayotumika sana na kueleweka vibaya sana. Ukifungua dirisha la faragha, kivinjari hakitunzi historia wala vidakuzi baada ya kulifunga. Basi. Kampuni ya simu bado inakuona, na tovuti bado inaiona anwani yako ya IP.

Mwaka 2020 Google ilishtakiwa Marekani kwa madai kwamba iliendelea kukusanya taarifa za watu waliotumia dirisha hilo kwenye kivinjari cha Chrome. Pande mbili zilikubaliana kumaliza kesi Desemba 2023, na kwa makubaliano yaliyowasilishwa mahakamani Aprili 2024 kampuni hiyo ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

Dirisha hili linafaa kwa jambo moja: unapotumia kompyuta ya kafe au ya wakala wako wa forodha, na hutaki anayekaa baada yako akute akaunti yako iko wazi.

Proksi

Proksi ni seva ya katikati. Wewe unaiomba tovuti, yenyewe inakwenda kuichukua na kukuletea. Tovuti inaona anwani ya proksi, haioni yako. Tatizo ni kwamba proksi nyingi za bure hazisimbi chochote, na anayeimiliki anaweza kusoma kila kisichosimbwa. Usiitumie kwa benki, kwa barua pepe wala kwa mfumo wa forodha.

VPN

VPN hujenga njia iliyosimbwa kutoka kwenye simu yako hadi kwenye seva ya kampuni ya VPN, ambayo inaweza kuwa Uholanzi au Afrika Kusini. Mwenye kafe na kampuni ya simu wanaona tu kwamba umeunganishwa na seva hiyo. Tovuti nayo inaona anwani ya huko. Teknolojia hii ilianzia maofisini, ili mfanyakazi aliye safarini aingie kwenye kompyuta za kampuni yake kwa usalama, na hadi leo mashirika makubwa na benki huitumia hivyo.

Lakini VPN haiondoi suala la kuaminiana, inalihamisha tu. Yale ambayo kampuni ya simu ilikuwa inayaona, sasa anayaona mwenye VPN. Mifano miwili inatosha.

Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, VPN ya bure iliyokuwa na mamilioni ya watumiaji, ilikuwa ikiuza nafasi ya mtandao ya watumiaji wake. Mtu mwingine alilipia na kupita kwenye intaneti kwa kutumia anwani yako. Akifanya uhalifu, anayeonekana ni wewe.

Mfano wa pili ni Onavo Protect, iliyomilikiwa na Facebook tangu 2013. Ilitangazwa kama zana ya kulinda taarifa, huku ikikusanya habari za programu nyingine ambazo watu walizitumia. Iliondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018 na kufungwa 2019. Julai 2023 mahakama ya Australia iliamuru kampuni tanzu mbili za Meta zilipe jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo.

Fundisho ni lile lile la soko lolote: seva zinagharimu fedha, na kama hulipi wewe, uliza nani analipa na anapata nini.

Tor

Tor ilizaliwa katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, ambako Paul Syverson na wenzake walianza kazi katika miaka ya 1990. Ilianza kutumika 2002 kupitia kazi ya Roger Dingledine na Nick Mathewson, na tangu 2006 inasimamiwa na shirika lisilo la faida la Tor Project.

Badala ya seva moja, Tor hupitisha ombi lako kwenye seva tatu za watu wa kujitolea, na kila hatua ina tabaka lake la usimbaji. Ya kwanza inakujua wewe lakini haijui unakokwenda. Ya mwisho inajua unakokwenda lakini haikujui. Hakuna hata moja inayojua yote mawili.

Ni kinga kubwa, lakini ina mipaka. Mwaka 2007 Dan Egerstad wa Sweden aliendesha seva za mwisho za Tor na kunasa maneno ya siri ya barua pepe, yakiwemo ya balozi kadhaa. Hakuvunja Tor. Wahusika walituma maneno hayo bila kuyasimba, na seva ya mwisho ikayaona. Desemba 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyetuma vitisho vya bomu kupitia Tor alikamatwa, kwa kuwa alitumia mtandao wa chuo na kumbukumbu za chuo zilionyesha nani alikuwa ameunganishwa na Tor saa hizo.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida, Tor ni ya polepole na benki nyingi huizuia.

Mjadala: faragha au maficho?

Wanaozipinga zana hizi wana hoja nzito. Soko la Silk Road, lililofunguliwa 2011 ndani ya Tor, liliuza dawa za kulevya hadi lilipofungwa na polisi wa Marekani Oktoba 2013. Serikali nyingi husema kwamba matapeli na wauza silaha hujificha humo humo.

Wanaozitetea wanajibu kwamba mhalifu hutumia pia barabara, na barabara hazifungwi kwa sababu hiyo. Wanakumbusha yaliyofichuliwa na Edward Snowden Juni 2013, kwamba shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikusanya taarifa za watu wengi wasiotuhumiwa kwa lolote. Mwaka 2015 David Kaye, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu uhuru wa maoni, aliripoti kwamba usimbaji na kutojulikana mtandaoni vinastahili ulinzi madhubuti.

Kwa mfanyabiashara suala hili ni la riziki. Mshindani akijua bei unayonunulia na mteja unayempelekea, amekushinda kabla lori halijaondoka. Kwa upande mwingine, mteja asiyejulikana ni nani wala yuko wapi ndiye anayekuletea hati za malipo za kughushi. Faragha hiyo hiyo unayoitaka wewe, tapeli naye anaitaka.

Hali katika nchi zetu

Uganda. Siku ya uchaguzi, 18 Februari 2016, mitandao ya kijamii ilifungwa pamoja na huduma za pesa kwa simu. Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao hiyo, na wengi wakakimbilia VPN kuikwepa. Kodi hiyo iliondolewa 2021, nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye bando. Januari 2021 intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi.

Tanzania. Hapa msafirishaji anapaswa kuwa makini zaidi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinakataza zana za kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku, kwa adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Oktoba 2023 TCRA iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kwa shughuli zao kuzisajili ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo, pamoja na kutoa anwani ya IP. Oktoba 2025 intaneti ilikatwa kwa siku kadhaa kuanzia siku ya uchaguzi.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Intaneti ilikatwa tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi na kurudi takriban siku 20 baadaye.

Burundi. Mitandao ya kijamii ilizuiwa siku ya uchaguzi, 20 Mei 2020.

Kenya. Telegram ilizuiwa wakati wa mitihani ya sekondari mwaka 2023 na tena 2024.

Wakati huo huo sheria za kulinda taarifa binafsi zimepitishwa: Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda 2021, na Tanzania 2022. Sheria hizi zinampa mtu haki ya kujua nani anatunza taarifa zake na kwa sababu gani.

Mambo ambayo zana hizi haziwezi

- Intaneti ikizimwa kabisa, VPN haina njia ya kupita. Inasaidia tu pale zilipofungwa tovuti fulani.
- Ukiingia kwenye akaunti kwa jina lako, umejitambulisha. Kuficha anwani baada ya hapo hakubadilishi kitu.
- Haifichi lori. Sili ya kielektroniki, kama ile ya mfumo wa pamoja wa Kenya, Uganda na Rwanda ulioanza 2017, inatuma mahali gari lilipo bila kupitia simu ya dereva.
- Haizuii virusi wala tapeli anayekupigia simu kuomba namba ya siri.

Ushauri kwa msafirishaji na mfanyabiashara

- Kwa malipo, tumia bando lako mwenyewe badala ya mtandao wa bure wa kafe.
- Hakikisha kufuli la HTTPS lipo na jina la tovuti limeandikwa sawasawa kabla ya kuweka neno la siri.
- Kama kampuni yako inahitaji VPN, ilipie, soma masharti yake, na Tanzania isajili.
- Zima VPN unapoingia benki kama hukuwaambia. Benki ikiona mteja wa Arusha anaingia kutoka Uholanzi inaweza kuifunga akaunti, na dereva atakwama mpakani bila fedha.
- Dereva anayevuka mpaka afahamu kwamba programu isiyo na tatizo nchi moja inaweza kumletea kesi nchi ya pili.
- Uchaguzi ukikaribia katika nchi yoyote ya njiani, chapisha hati zote kwenye karatasi, mpe dereva fedha taslimu za kutosha, na kubalianeni namba ya kupiga simu ya kawaida. Mzigo unaooza haungoji intaneti irudi.