Kujisamehe Mbele ya Wengine: Yuda, Petro na Uamsho wa Gahini

Mwumini aliyetubu lakini bado anajilaumu huambiwa mara nyingi ajisamehe, kana kwamba jambo hilo linaweza kumalizikia moyoni mwake peke yake. Ushauri huo unamtwika mzigo usiobebeka. Mshtakiwa hawezi kuwa hakimu wa shauri lake. Paulo, aliyewahi kulitesa kanisa, aliwaandikia Wakorintho kwamba hata yeye hajihukumu, kwa kuwa anayemhukumu ni Bwana. Basi kujisamehe Kikristo ni kuipokea hukumu ambayo Mungu amekwisha kuitoa, na aghalabu hukumu hiyo humfikia mtu kupitia kinywa cha mwenzake.

Tumezoea kuhubiriwa kwamba Petro alitubu, Yuda akajuta tu. Mathayo 27 hairuhusu tupite haraka hivyo. Yuda alivirudisha vipande thelathini vya fedha na kukiri waziwazi kwamba amemsaliti asiye na hatia. Alikiri mbele ya makuhani, watu ambao kazi yao ilikuwa kuwafanyia wakosaji upatanisho. Wakamjibu kwamba hayo hayawahusu. Akazitupa fedha hekaluni, akaenda kujinyonga. Simwondolei Yuda hatia, lakini makuhani wale nao wanastahili kuhubiriwa habari zao.

Petro alimkana Bwana mara tatu usiku ule alioota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Katika Yohana 21 anakuta tena moto wa makaa, sasa ufukweni, samaki juu yake, na anaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana. Kosa halikufunikwa. Alipoulizwa mara ya tatu alihuzunika, na papo hapo, katika huzuni hiyo, akakabidhiwa kondoo.

Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, na daktari Joe Church, mmisionari wa Gahini, Rwanda, walikutana Kampala. Miaka ya 1930 uamsho ukawaka huko Gahini, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Katika mikutano ya ndugu wa uamsho huo mtu alisimama akaitaja dhambi yake bila kuipamba, aliyeiba akarudisha, na wenzake wakampokea kwa wimbo wa sifa wa Tukutendereza. Ni kweli kwamba maungamo ya hadharani yaliweza kumwaibisha hata asiyehusika. Hiyo ni sababu ya kuchagua kwa busara nani asikie, wala si sababu ya kurudi kwenye ukimya.

Kesi ngumu zaidi ni ya yule aliyemkosea mtu ambaye sasa amekwisha kufa. Hana wa kumwomba radhi, wala hana cha kurudisha. Toba ya pamoja tunayoisoma Jumapili ni njema, lakini huyu anahitaji pia mchungaji atakayefunga mlango, amsikilize mpaka mwisho bila kutazama saa, amtamkie msamaha wa Kristo akimwita kwa jina, kisha aitunze siri yake.