Pesa ya siri nyuma ya vitabu: kisa cha Makerere, 1962

Mwezi Oktoba 1960, Louis Armstrong alifika Léopoldville, leo Kinshasa, na tarumbeta yake. Watu walimbeba juu ya kiti, ngoma zikilia. Siku hizo Patrice Lumumba alikuwa amefungiwa nyumbani kwake, na kabla miezi mitatu haijaisha akauawa Katanga, tarehe 17 Januari 1961. Kwamba serikali ya Marekani ilikuwa nyuma ya safari ya Armstrong halikuwa jambo la siri. Lakini kulikuwa na pesa nyingine ya utamaduni iliyofichwa sana.

Mwaka 1950, huko Berlin Magharibi, wasomi wa nchi mbalimbali walianzisha Kongamano la Uhuru wa Utamaduni. Makao yake yakawa Paris. Lilisema linatetea uhuru wa mawazo mbele ya Ukomunisti wa Moscow. Lililipia mikutano, muziki na majarida, kama Encounter lililoanza London mwaka 1953. Aliyeuliza pesa inatoka wapi aliambiwa ni ya matajiri wenye moyo mwema, mfano wakfu wa Farfield huko Marekani. Kumbe wakfu huo ulikuwa mfereji tu. Chemchemi yenyewe ilikuwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani.

Pesa hiyo ilifika hadi kwa majirani zetu. Juni 1962, Kongamano lililipia mkutano wa waandishi wa Afrika katika chuo cha Makerere, Kampala. Walikuwepo Chinua Achebe, Wole Soyinka na kijana mmoja mwanafunzi wa hapo, Ngugi wa Thiong'o. Ngugi alimwonyesha Achebe muswada wake, na mwaka 1964 ukatoka kitabu. Faida hiyo haiwezi kukanwa.

Lakini mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mwandishi mkubwa wa Kiswahili, hakuwa na nafasi humo. Alifariki mwezi huo huo wa Juni.

Jarida la Transition la Kampala, lililoanzishwa na Rajat Neogy mwaka 1961, nalo lilipokea msaada wa Kongamano. Cha kushangaza, mwaka 1963 jarida hilo hilo lilichapa makala ya Obi Wali wa Nigeria, aliyeukosoa mkutano wa Makerere kwa kushikilia lugha za Ulaya. Kwa hiyo CIA haikushika kalamu ya kila mtu. Ilitosha kwake kuchagua meza gani iandaliwe na nani aalikwe.

Siri ilipasuka mwaka 1966 na 1967, magazeti ya Marekani yalipoandika, na afisa wa zamani wa CIA, Tom Braden, akakiri na kujisifu. Neogy alisema hakujua. Wengi walisema vile vile. Hata hivyo jina la jarida lilichafuka, na mwaka 1968 serikali ya Obote ilimtia Neogy gerezani kwa sababu ya yale aliyochapa. Mtu aliyeandika kwa uhuru alibaki anashukiwa pande zote.

Moscow nayo haikukaa bure. Ilifungua chuo kikuu mwaka 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na mwaka uliofuata ikakipa jina la Lumumba wetu.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Sisi wa redio za mashariki mwa Congo tunalijua hilo: vipindi vingi vinalipiwa na wafadhili, na bila wao mitambo ingezimika. Kupokea msaada si dhambi. Kosa la Kongamano lilikuwa kumficha mlipaji, hata mwandishi asiweze kuamua kama anakubali au anakataa. Basi, ndugu msikilizaji na msomaji, ukituuliza nani amelipia kipindi hiki, usione haya. Ni haki yako, na sisi ni wajibu wetu kujibu.