Unafunga seva kwenye raki? Zingatia haya kwanza

Raki iliyojaa seva ikianguka, haiharibu mashine tu. Inaweza kumponda fundi aliyesimama mbele yake. Raki nyingi zina upana wa inchi 19, na urefu wake hupimwa kwa U, ambapo 1U ni milimita 44.45.

Kabla hujafungua boksi, pitia haya:

1. Imarisha raki. Shusha miguu yake hadi ikae sawa sakafuni, kisha funga vizuizi vya kuanguka au bolti.

2. Anza chini. UPS na seva nzito zikae chini, vifaa vyepesi juu. Mzigo ukiwa juu, raki hupinduka kirahisi.

3. Usinyanyue peke yako. Soma uzito ulioandikwa, itisha msaidizi. Usishike seva kwa mishikio ya pawasapulai, inaweza kuchomoka.

4. Vuta moja moja. Ukivuta seva mbili kwa pamoja kwenye reli, uzito wote unakuja mbele na raki inakufuata.

5. Umeme. Unganisha waya wa ethi, jumlisha ampea za vifaa vyote, na usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni.

6. Hewa. Seva zote zitazame upande wa hewa baridi. Ziba nafasi tupu kwa vifuniko ili joto la nyuma lisirudi mbele.

Na reli ikigoma kuingia? Usiigonge. Hakikisha ni ya seva hiyo, na kwamba kushoto na kulia zipo kwenye U ileile.