Nyaraka za Serikali na Msomaji Wake: Historia ya Kurahisisha Maandishi Rasmi Tanzania

Nyaraka rasmi ni maandishi ambayo dola huyatumia kuamuru, kuarifu, kudai taarifa na kutambua haki za watu wake: sheria, kanuni, waraka wa wizara, fomu ya maombi, samansi ya mahakama na tangazo linalobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Historia ya maandishi hayo katika nchi ambayo leo ni Tanzania huelezwa zaidi kama historia ya Kiswahili kutwaa nafasi ya Kiingereza. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini huacha kando swali jingine, yaani iwapo waraka ulioandikwa kwa Kiswahili humwelea mtu unayemhusu. Ukitazamwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, hujitokeza utaratibu mmoja: maandishi ya serikali yalikuwa mepesi pale dola ilipomhitaji mwananchi wa kawaida atende jambo kwa kuelewa, na yalikuwa mazito pale mwandishi alipomwandikia hakimu, wakili au afisa mwenzake.

Kabla ya utawala wa kikoloni, watu wa pwani walikuwa na utaratibu wao wa kuandikiana kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Barua hizo, ambazo baadhi yake zilikusanywa na kuchapishwa na C. G. Büttner mwaka 1892 na baadaye na Carl Velten, zilifuata mpangilio uliojulikana: zilianza kwa kumtaja mwandikiwa kwa heshima zake, zikafuata salamu na dua, kisha baada ya salamu likaja jambo lenyewe. Mpangilio huo ulikuwa na manufaa yake, kwa sababu barua nyingi zilisomwa kwa sauti na mtu mmoja mbele ya wengine wasiojua kusoma, na msikilizaji aliyezoea utaratibu wake alitambua ni wapi adabu zinakoma na ni wapi haja inaanza. Wajerumani, waliotawala bara na sehemu ya pwani hadi Vita Kuu ya Kwanza, waliukuta ujuzi huo na kuutumia. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilifundisha makarani na walimu, na Kiswahili, ambacho sasa kiliandikwa kwa herufi za Kirumi, kikawa chombo cha mawasiliano kati ya maofisa wa wilaya, maliwali, maakida na majumbe. Waliopokea maagizo hayo walikuwa watendaji waliopaswa kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi mara moja, kwa hiyo waraka usioeleweka ulikuwa hasara kwa utawala wenyewe.

Waingereza walipopewa Tanganyika walileta mfumo tofauti. Kwa amri ya kifalme ya mwaka 1920, sheria za Uingereza zilizokuwa zikitumika tarehe 22 Julai 1920, yaani sheria za kimazoea zilizojengwa na mahakama, kanuni za haki asilia na sheria fulani za Bunge lao, zilianza kutumika nchini kadiri mazingira yalivyoruhusu. Hapo ndipo lugha rasmi ilipogawanyika madaraja mawili. Juu, sheria na kumbukumbu za mahakama kubwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Chini, mabaraza ya wenyeji na barua za wilayani viliendeshwa kwa Kiswahili. Kuanzia mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo, lililotolewa na Idara ya Elimu, liliwazoeza wasomaji wengi nathari ya Kiswahili iliyochapwa, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, iliyomtegemea sana katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, ilisanifisha tahajia na msamiati kwa msingi wa Kiunguja. Usanifishaji huo ulikusudiwa zaidi vitabu vya shule. Namna ya kuandika sheria haikuguswa.

Namna hiyo ina historia yake huko Uingereza, na bila kuijua ni vigumu kueleza uzito wa sheria za Tanzania. Kwa karne nyingi kila sharti jipya ndani ya sheria ya Bunge la Uingereza lilitanguliwa na maneno ya kutunga yaliyorudiwa tena na tena, na sharti zima, pamoja na masharti yake ya awali na mambo yaliyoondolewa, lilibebwa na sentensi moja. Sheria ya mwaka 1850 iliondoa ulazima wa kurudia maneno hayo na kuruhusu sheria igawanywe katika vifungu, lakini desturi ya kutia kifungu kizima katika sentensi moja ilibaki. Wakili George Coode alikuwa amekwisha kuichambua desturi hiyo katika miaka ya 1840, akionyesha kwamba sharti la kisheria lina sehemu chache zinazoweza kupangwa kwa utaratibu: mtu anayehusika, jambo analotakiwa au analoruhusiwa kulitenda, hali ambayo sharti linamfunga, na masharti ya kutimizwa kabla. Uchambuzi wake uliwasaidia waandishi wa sheria kupanga mawazo, ila haukuwaondoa kwenye sentensi ndefu, na sentensi hiyo ndiyo iliyovuka bahari pamoja na sheria zenyewe.

Baada ya uhuru, serikali ilianza kuubomoa mgawanyiko wa madaraja mawili. Mwaka 1962 Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili, na mijadala ya Bunge ikawa ikiendeshwa kwa lugha hiyo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za mwanzo, lakini katika mahakama za juu yake kumbukumbu na hukumu ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba shauri la mirathi au la shamba lilifunguliwa, likasikilizwa na kuamuliwa kwa Kiswahili katika ngazi ya kwanza, kisha rufaa ilipopanda wenye shauri walipewa hukumu ambayo wengi wao walihitaji mtu wa kuwasomea. Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba shughuli zote za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo likaundwa kwa sheria Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ambalo kuanzia mwaka 1974 lilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu vyenye istilahi zilizoidhinishwa. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, kwa kuwa karani asiye na neno la kuitia fomu yake hawezi kuiandika. Hata hivyo orodha ya istilahi humpa mwandishi maneno tu, haimfundishi kupanga hoja.

Ustadi wa kupanga hoja kwa ajili ya msomaji mpya ulikua mahali pengine, yaani katika elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata zikaendeshwa kampeni zilizounganisha redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza vilivyokuwa na kiongozi aliyefunzwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ilifuata njia hiyohiyo. Utaratibu ulikuwa kusikiliza kipindi, kusoma sura fupi ya kijitabu, kujadili, kisha kikundi kuamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kufyeka vichaka kuzunguka nyumba. Katika kipindi hicho idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ilishuka kutoka takribani asilimia 67 mwaka 1967 hadi karibu asilimia 39 mwaka 1975. Waandishi wa vijitabu hivyo hawakuweza kujificha nyuma ya maneno mazito, kwa sababu kipimo cha kazi yao kilikuwa choo kilichochimbwa au kisichochimbwa.

Wakati serikali ikiandika hivyo kuhusu malaria na lishe, miswada ya sheria iliendelea kuandaliwa kwa Kiingereza, ikawa inajadiliwa bungeni kwa Kiswahili na kupitishwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 1977 ilitungwa kwa Kiswahili, na ni ushahidi wa kutosha kwamba lugha hiyo inaweza kubeba sheria kuu ya nchi. Lakini vifungu vingi vya Kiswahili cha kisheria vimejengwa juu ya kiunzi cha Kiingereza, kama mfano huu wa kutunga, ulioandikwa kwa mtindo uliozoeleka, unavyoonyesha: “Mtu yeyote ambaye, baada ya kupewa taarifa kwa mujibu wa kifungu kidogo cha (1), na bila ya kuwa na sababu ya msingi, atashindwa au atakataa kuwasilisha maelezo yanayotakiwa chini ya kifungu hicho ndani ya muda uliotajwa katika taarifa hiyo, atakuwa ametenda kosa na akitiwa hatiani atawajibika kulipa faini.” Kila neno hapo ni la Kiswahili na sarufi haina kasoro, ila msomaji analazimika kuhifadhi hali tano kichwani kabla ya kufika kwenye kitenzi kinachomhusu.

Mhariri anayeirahisisha sentensi hiyo katika taarifa inayokwenda kwa mwananchi huanza na wajibu, kisha huja na tishio: “Ukipata taarifa hii, peleka maelezo yako ofisini ndani ya muda ulioandikwa hapa chini. Usipoyapeleka, na huna sababu ya msingi, unaweza kushtakiwa na kutozwa faini.” Katika marekebisho hayo anayeamriwa anasemeshwa moja kwa moja, rejea ya kifungu inahamia pembeni, na maneno “sababu ya msingi” yanabaki kwa kuwa mahakama ndizo zinazoamua maana yake. Kurahisisha, kwa maana hiyo, hakumaanishi kufuta istilahi zote. Kunamaanisha kutofautisha istilahi inayobeba haki na maneno yaliyobaki kwa mazoea tu.

Haja ya utofautishaji huo ilionekana wazi katika sheria za ardhi. Baada ya kazi ya Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwanzoni mwa miaka ya 1990, Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi, Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, za mwaka 1999, ambazo zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Sheria ya pili iliwakabidhi utekelezaji wanakijiji wenyewe: halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi, mkutano mkuu wa kijiji unaridhia maamuzi makubwa, na mwanakijiji anaomba hati ya hakimiliki ya kimila, yaani cheti cha kutambua haki yake juu ya ardhi anayoitumia. Hata hivyo ilikuwa ndefu, yenye vifungu vinavyorejeana, na imeandikwa kwa kalamu ya mwanasheria. Pengo kati ya mtekelezaji na maandishi lilizibwa na miongozo na vijitabu vya Kiswahili chepesi vilivyotolewa na mashirika ya haki za ardhi pamoja na serikali yenyewe. Bajeti ya taifa nayo imepata muhtasari wake unaoitwa toleo la mwananchi. Maandishi hayo yamewasaidia wengi, lakini pia yamethibitisha mgawanyiko wa zamani kwa sura mpya, kwa maana raia anasoma muhtasari usio na nguvu ya kisheria huku andiko lenye nguvu likibaki mikononi mwa wataalamu.

Mwaka 2021 mgawanyiko wa lugha ulishambuliwa moja kwa moja. Katika Siku ya Sheria, tarehe 1 Februari, jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili, akatangaza kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, na mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya vyombo vya kutoa haki, huku yakiacha nafasi ya Kiingereza pale haki inapohitaji hivyo. Kazi kubwa ya kufasiri sheria zilizopo ikafuata. Marekebisho hayo yalitaja lugha ya kuandikia, na lugha peke yake haiamui wepesi wa maandishi.

Mataifa mengine yameingiza wepesi wenyewe katika sheria. Uingereza msukumo ulitoka kwa maofisa na kwa raia pia: Ernest Gowers aliandika mwongozo kwa watumishi wa serikali mwaka 1948, na mwaka 1979 Chrissie Maher, mwanamke wa Liverpool aliyekuwa amewasaidia maskini kujaza fomu, alizikatakata nyaraka za serikali hadharani karibu na Bunge na kuanzisha kampeni iliyozilazimisha ofisi kuzipitia upya. Sweden ilimweka mtaalamu wa lugha katika ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 1976, na sheria yake ya lugha ya mwaka 2009 inazitaka taasisi za umma ziandike kwa lugha iliyotunzwa, rahisi na inayoeleweka. Marekani ilipitisha sheria ya uandishi mwepesi wa serikali mwaka 2010, na Afrika Kusini, kwa sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008, ilieleza kipimo chenyewe: mtu wa kawaida wa kundi linalolengwa, mwenye uwezo wa wastani wa kusoma, aweze kuelewa bila kuhangaika kupita kiasi.

Wanasheria hupinga kwa hoja inayostahili jibu, kwamba maneno yaliyokwisha kufasiriwa na mahakama yana uhakika, na kuyabadilisha ni kufungua milango ya mashauri mapya. Hoja hiyo inalinda istilahi chache, hailindi sentensi ya maneno mia, na uzoefu wa kampeni za miaka ya 1970 unaonyesha kwamba Tanzania ilikuwa na mbinu zake kabla ya nyingi ya sheria hizo za nje: sura fupi, kikundi cha wasomaji, na kipimo cha kutenda. Kwa kuwa sheria sasa zinafasiriwa kwa wingi, huu ndio wakati ambapo kupanga upya kunagharimu kidogo, kwani mfasiri analazimika kukipitia kila kifungu. Akiendelea kukipeleka kiunzi cha Kiingereza jinsi kilivyo, kizazi kijacho kitarithi sheria za Kiswahili zinazohitaji mkalimani. Lakini rasimu ikisomwa na mwenyekiti wa kijiji na karani wa mahakama ya mwanzo kabla haijapigwa chapa, mwananchi atakuwa amehesabiwa miongoni mwa wasomaji ambao sheria iliandikwa kwa ajili yao.