Kutoka Masango hadi Mkongo: Usalama wa Mafundi wa Waya katika Njia ya Tabora

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, nchi ilipo Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, imeandikwa sana kwa upande wa biashara ya pembe na watumwa, wa wasafiri wa Ulaya waliotua Kazeh na Kwihara huko huko Unyanyembe, na wa dola ya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi. Watu waliobeba waya katika njia hiyo, wakautundika na baadaye wakauzika, wameguswa kidogo mno, na hiyo ni hasara kubwa, kwa kuwa katika kazi yao ndimo inamoonekana jinsi hatari ilivyohama kutoka begani ikapanda nguzoni, kisha ikashuka ardhini, na kila ilipohama ikazidi kuwa ngumu kutambulika kwa macho.

Waya ulifika Tabora muda mrefu kabla ya simu. Masango, yaani waya mnene wa shaba uliotumika kutengenezea mapambo ya mikononi na miguuni, yalikuwa pamoja na nguo na ushanga miongoni mwa bidhaa kuu zilizopelekwa bara, na sehemu yake ililipwa kwa watemi kama hongo, ambayo ni ada ya kupita katika nchi zao. Mabunda ya masango yalifungwa kwenye ncha mbili za mzega, mti unaolazwa begani, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, frasila moja ikiwa karibu kilo 16. Kiasi hicho hakikuwekwa na sheria yoyote iliyoandikwa. Kilitetewa na wapagazi wenyewe, wengi wao Wanyamwezi waliorithishana kazi hiyo, ambao walipoona mzigo umezidi waliukataa, na waliposhurutishwa waliweza kugoma kambini au kutoroka usiku. Mwendo wa siku nao uliongozwa na kirangozi, aliyetangulia msafara, na nidhamu ikasimamiwa na wanyampara, wakuu wa makundi ya wapagazi. Desturi hiyo inastahili kuhesabiwa kuwa kanuni ya kwanza ya usalama kazini katika njia hii, kwa sababu iliweka mpaka wa kile ambacho mwili wa binadamu ungeweza kudaiwa, na ikampa mbebaji sauti katika kuuweka mpaka huo.

Mwaka 1879 kebo ya baharini iliyotoka Aden iliifikia Zanzibar, na mwaka 1890 nyingine ikaiunganisha Zanzibar na Bagamoyo na Dar es Salaam. Kutoka pwani Wajerumani walivuta laini ya telegrafu, yaani simu ya maandishi inayopelekwa kwa mapigo ya umeme, ambayo katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ilifika Tabora ikifuata kwa sehemu kubwa mapito ya misafara, wakati kampuni ya telegrafu ya Cecil Rhodes, iliyokusudia kuunganisha Cape na Cairo, ilileta laini yake kutoka kusini ikakomea Ujiji. Reli ilikuwa bado haijafika, na mbung'o, wanaoambukiza wanyama ugonjwa wa nagana, waliwaua ng'ombe wa kuvuta mikokoteni katika maeneo mengi, hivyo vifaa vilisafiri kwa vichwa na mabega ya watu. Waya wa chuma wenye unene wa milimita 4 una uzito wa karibu kilo 100 kwa kila kilomita, maana yake wabebaji watatu au wanne kwa kilomita moja ya waya peke yake, kabla ya kuhesabu nguzo, vikombe vya kauri vya kuzuia umeme usivujie kwenye nguzo, na posho ya wabebaji hao. Tofauti kubwa na zama za misafara ni kwamba chini ya utawala wa Kijerumani uliotoza kodi ya nyumba tangu 1898, na uliozoea kushurutisha watu kufanya kazi, uwezo wa mbebaji kuukataa mzigo ulipungua sana.

Laini ilipokwisha kusimama, hatari yake ilikuwa katika nguzo. Mchwa wa nchi za miombo huila nguzo ya mti kuanzia usawa wa ardhi, mahali ambapo unyevu hukutana na hewa, huku sehemu ya juu ikibaki nzima na imara kwa kuitazama. Ndiyo maana nguzo za chuma zilipendelewa pale gharama iliporuhusu. Fundi aliyefunzwa vizuri hapandi kabla ya kuigonga nguzo kwa nyundo na kusikiliza kama inatoa sauti ya uwazi, na kabla ya kufukua udongo shinani na kulichoma shina kwa chuma chenye ncha. Hata hapo haitoshi, kwa sababu nguzo iliyooza chini inaweza kubaki wima miaka mingi kwa kushikwa na waya zilizokazwa pande zote mbili, na fundi akiisha kupanda, akajifunga mkanda na kuukata waya mmoja, mvuto unabaki upande mmoja tu na nguzo inaanguka naye akiwa amefungwa kwayo. Dawa yake inajulikana tangu zamani, nayo ni kuifunga nguzo kwa kamba au kuiegemeza kwa miti kabla waya haujaguswa, lakini ni hatua inayokula muda, na mafundi wanaoharakishwa huiacha.

Radi ilikuwa adui wa aina nyingine. Telegrafu ilitumia waya mmoja, na umeme ulirudi kupitia ardhini, hivyo waya huo ulikuwa njia ya wazi kwa dhoruba yoyote iliyoukuta popote. Katika masika ya Unyamwezi, yanayoanza karibu Novemba, fundi angeweza kufanya kazi chini ya anga safi na kupigwa na umeme uliotoka kwenye mvua ya mbali sana. Kinga ilikuwa kuuunganisha waya na ardhi kabla ya kuushika, yaani kuupatia umeme njia fupi zaidi kuliko mwili wa mtu.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na tangu hapo laini za simu zilitembea sambamba na njia ya treni. Mwaka 1933 huduma za posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na umoja huo, kwa sura mbalimbali, ulidumu hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Sheria ya Viwanda ya Tanganyika ya 1950 iliwaza zaidi mahali penye mashine na paa kuliko fundi aliye peke yake porini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, ndiyo iliyopanua maana ya mahali pa kazi, ikamtaka mwajiri atathmini hatari na kutoa vifaa vya kujikinga, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, ulianza kupokea michango mwaka 2015. Kwa kazi iliyokwisha kufanyika katika njia hii kwa zaidi ya karne moja, ulinzi huo ulichelewa mno.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ulileta nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga badala ya umeme, na kwa hiyo ukazaa dhana ya hatari sana kwamba kebo hiyo haina madhara. Mwanga wake ni wa mawimbi yasiyoonekana kwa jicho, kwa kawaida nanomita 1310 au 1550, na anayechungulia ncha ya uzi uliounganishwa na mtambo haoni kitu huku jicho lake likiweza kuumia; kipimo cha mwanga ndicho kinachopaswa kuulizwa, kamwe si jicho. Uzi wenyewe una unene wa milimita 0.125, na vipande vinavyokatwa wakati wa kuunganisha huingia ngozini bila kuonekana, au hufika tumboni kwa fundi anayekula kwenye meza ya kazi, hivyo hutupwa kimoja kimoja katika kopo lenye kifuniko na kazi hufanyika juu ya kitambaa cheusi. Wachimbaji wa mitaro ya kuzikia kebo wanakabiliwa na hatari ya zamani zaidi, ile ya kuta za udongo kuporomoka, hasa pale udongo uliochimbuliwa unaporundikwa ukingoni. Sehemu nyingine ya Mkongo imepita juu kabisa ya minara ya shirika la umeme, TANESCO, ndani ya waya wa kukinga radi, ambapo fundi wa mawasiliano anafanya kazi jirani na umeme mkubwa ambao hakufundishwa katika fani yake, jambo linalodai mafunzo ya pamoja kati ya TANESCO na wasimamizi wa Mkongo.

Reli ya kisasa inayojengwa kuelekea Tabora inaongeza sura nyingine, kwa kuwa treni zake huendeshwa kwa umeme wa volti 25,000. Kebo yoyote ya shaba, au kebo ya nyuzi za kioo iliyofunikwa kwa chuma dhidi ya panya na mchwa, ikilazwa sambamba na njia hiyo kwa kilomita nyingi umeme huzaliwa ndani yake bila kuguswa na chochote. Kifuniko hicho cha chuma hakina budi kuunganishwa na ardhi kwa hatua zilizopangwa, na fundi anayekifungua hulazimika kukipima kwanza kana kwamba ni waya wa umeme, hata kama karatasi za kazi zinakiita kebo ya mawasiliano.