Sumu ya kweleakwelea: albatrosi ana sheria, tai wa Embu hana

Mei 2025, mjini Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam zilikubali hatimaye kuiorodhesha fenthioni kali, ile ya kunyunyizwa kutoka angani, miongoni mwa sumu zisizouzwa nje mpaka nchi inayoagiza iridhie. Kwa wakulima wa nyanda za chini za Embu na Meru, nchini Kenya, hiyo ndiyo dawa ya kweleakwelea, au kwelea, ndege walao nafaka.

Kabla ya dawa palikuwa na kuamia. Mtama na uwele vikianza kukomaa Mbeere na Tharaka, watoto walipanda dunguni alfajiri na makombeo na madebe, wakashinda huko hadi jua lizame. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja humaliza tani 10. Shule ilipowachukua watoto, dungu likabaki tupu.

Mpunga wa Mwea uliongeza karamu. Mifereji yake ilianza kuchimbwa miaka ya 1950 na watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari ya kikoloni, Mwea ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Embu. Mwaka 1962 nchi za kanda ziliunda shirika la kupambana na nzige wa jangwani, na ndege zake zikaja kutumika dhidi ya kwelea pia. Baruti nayo ilijaribiwa, lakini fenthioni ndiyo iliyotamalaki.

Hunyunyizwa jioni, makundi yanaporudi kulala katika migunga na matete. Si wote wanaokufa hapohapo. Wengine hulewa na kupepesuka, na kipanga, tai, bundi na korongo huwaona kama chakula cha bure. Sumu huhamia tumboni mwao. Richard Bruggers na wenzake waliieleza hali hiyo mwaka 1989, baada ya kuchunguza unyunyiziaji nchini Kenya.

Ugomvi wa kuiorodhesha dawa hiyo ulianzia Chad. Mwaka 2012 nchi hiyo iliomba fenthioni iorodheshwe kwa kuwa ilikuwa ikidhuru watu. Kamati ya wataalamu ya mkataba iliafiki. Lakini uamuzi ulihitaji kauli moja, na mkutano baada ya mkutano nchi chache zilikataa. Hoja yao: sumu ikiorodheshwa itaonekana imepigwa marufuku, bei itapanda, na mkulima hana mbadala. Waliounga mkono wakajibu kwamba kuorodhesha ni kutoa taarifa tu, na kwamba wanakijiji huwaokota kwelea waliokufa na kuwala. Hoja hizo zilirudiwa kwa takriban miaka kumi.

Baharini, ulinzi wa ndege ulikwenda upesi zaidi. Albatrosi walikuwa wakimeza chambo cha mishipi mirefu ya kuvulia jodari na kuzama na ndoano. Mwaka 2012 Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Kenya ni mwanachama, iliamua kuwa meli za mishipi hiyo zinazovua kusini mwa latitudo ya nyuzi 25 Kusini zitumie angalau njia mbili kati ya tatu: kutega usiku, kufunga vizito ili ndoano izame haraka, au kuburuta kamba zenye tepe za kuwatisha ndege. Kenya, basi, imefungwa na kanuni ya kumlinda ndege asiyefika pwani yake ila kwa nadra. Tai wa Kiambere, Embu, hana kanuni ya namna hiyo.

Hasara inayompata tai na wenzake inajulikana. Utafiti wa Darcy Ogada na wenzake, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kuwa aina 19 kati ya 22 za ndege wawindaji walizochunguza nchini zimepungua, na sumu imo katika sababu. Mwaka uliofuata kwelea walivamia mpunga wa Kisumu, na fenthioni ikatolewa tena ghalani.

Mkulima hana kosa. Mazao yake yakiliwa hafidiwi. Lakini huko Kondoa, Tanzania, watu huwatega kwelea na kuwafanya kitoweo, kwa hiyo mbadala si ndoto. Na pale ambapo lazima kunyunyizia, serikali za kaunti zitume watu asubuhi yake wafukie mizoga na kuwahesabu ndege wengine waliokufa. Nahodha wa meli ya jodari hutakiwa kutoa hesabu ya ndege aliowanasa. Kwa nini anayemwaga sumu asiulizwe?