Namba ya gari lako inaweza kumfichulia mtu nini kukuhusu?

Namba ya usajili ya gari haina siri. Iko mbele, iko nyuma, na simu yoyote inaweza kuipiga picha. Lakini nyuma ya herufi na tarakimu hizo kuna jina la mtu.

Nchini Kenya, njia ya kutoka kwenye namba hadi kwenye jina ni fupi, na ni halali. Wengi huitumia vizuri: kukagua gari kabla ya kununua, au kumtafuta mwenye gari baada ya ajali. Wengine huitumia kumuanika mtu mtandaoni, kumtisha au kumfuata.

Kwa ufupi:

- Rekodi ya gari inaonyesha nani amesajiliwa. Haionyeshi nani alikuwa anaendesha.
- Sheria ya Kenya inataka anayeomba rekodi awe na sababu ya msingi.
- Kupata jina kihalali hakukupi ruhusa ya kulisambaza.

Rekodi ya gari ina nini?

Magari ya Kenya husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA). Ukiingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, unaweza kuomba nakala ya rekodi ya gari kwa kuandika namba yake na kulipa ada ndogo kwa simu.

Nakala hiyo hubeba mambo ya gari lenyewe: namba ya chasisi, namba ya injini, aina, rangi na mwaka lilipotengenezwa. Pia hubeba jina la mwenye gari. Kama gari limenunuliwa kwa mkopo, utaona kwamba benki au kampuni ya mikopo ina mkono wake pale.

Jina tupu linaweza kuonekana jambo dogo, lakini si dogo. Kwa jina kamili, mtu anaweza kukupata Facebook, akajua unafanya kazi wapi, watoto wako wanasoma wapi, na Jumapili huwa unasali kanisa gani. Rekodi ya gari ndiyo inayomuunganisha mtu asiyejulikana aliyepita barabarani na maisha yako yote yaliyo mtandaoni.

Kwa nini rekodi hizi hazikufungwa kabisa?

Kwa sababu kuna watu wanazihitaji kweli kweli.

Wa kwanza ni mnunuzi wa gari la mitumba. Bila kukagua rekodi, unaweza kumlipa mtu ambaye gari si lake, au gari ambalo bado lina deni la benki. Pesa ikishatoka, kuirudisha ni kazi.

Wa pili ni majeruhi wa ajali. Chukulia mwendesha bodaboda aliyegongwa na gari likatoroka. Shahidi alishika namba tu. Ili adai fidia, lazima ajue wa kumshtaki, na nakala ya rekodi ndiyo hupelekwa kortini kuonyesha gari limesajiliwa kwa jina la nani. Ukizifunga rekodi hizi kabisa, mkosaji ndiye atakayefurahi.

Kisha kuna polisi, kampuni za bima na wakopeshaji. Wote hawa wana kazi halali na rekodi hizo.

Kwa hiyo ubishi hauhusu kufunga au kufungua. Ubishi ni kuhusu mlango wenye mlinzi na mlango usio na mlinzi.

Sheria inasema nini?

Watu wengi hudhani rekodi za magari ni mali ya kila mtu. Sivyo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 5, inaruhusu polisi kuzikagua. Mtu mwingine anapewa nakala akilipa ada na akimridhisha msajili kwamba ana sababu ya msingi.

Maneno hayo, sababu ya msingi, ndiyo kufuli. Yaliandikwa enzi za dirisha na foleni, wakati ulipaswa kujieleza mbele ya afisa. Mtandaoni hakuna anayekutazama usoni. Kazi kubwa ni kuandika namba na kulipa.

Juu ya hapo kuna Katiba ya 2010. Ibara ya 31 inalinda faragha, ikiwemo haki ya mtu kutotolewa habari za familia yake au mambo yake binafsi bila sababu. Ibara ya 35 nayo inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hizi mbili lazima zikae meza moja.

Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hii inasema data ya mtu ikusanywe kwa lengo linaloeleweka, na isitumike kwa jambo lingine lisiloendana na lengo hilo. Serikali nayo inabanwa na sheria hii, si kampuni peke yake.

Sheria hiyo haimgusi mtu anayetumia data kwa mambo yake ya nyumbani tu. Kukagua gari unalotaka kununua, ukaiweka nakala kwa faili yako, hakuna neno. Kuirusha nakala hiyo kwa maelfu ya watu X au Facebook si jambo la nyumbani tena.

Shida huanzia wapi?

Mara nyingi huanza na video. Dereva amepita taa nyekundu, au amemtukana mtu kwenye maegesho. Video inasambaa, namba inaonekana. Muda si mrefu mtu anaweka picha ya skrini ya rekodi: "Huyu ndiye mwenye gari." Matusi yanaanza, na simu ya mtu inaanza kulia.

Tatizo la kwanza ni kwamba huyo anaweza kuwa siye. Gari linaweza kuwa lilikuwa na dereva wa kuajiriwa, ndugu, fundi wa gereji au mteja aliyelikodi. Au liliuzwa zamani na umiliki haukuhamishwa. Sheria ya Trafiki yenyewe, kifungu cha 8, inasema aliyesajiliwa huchukuliwa kuwa mwenye gari isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Kortini kuna nafasi ya kuthibitisha. Kwenye maoni ya mtandaoni hakuna.

Tatizo la pili ni kufuatwa. Mwanamke anayeendesha peke yake usiku, mwanahabari, hakimu, au mtu aliyemkimbia mume mkatili: hawa wote wana sababu nzito ya kutotaka mtu asiyemjua aanze na namba ya gari na kuishia mlangoni kwao.

Tatizo la tatu ni matapeli. Anayejua jina lako, aina ya gari lako na namba yake ya chasisi anaweza kukupigia akijifanya wa bima au wa serikali, na ukamwamini, kwa sababu ametaja mambo ambayo unadhani ni siri.

Marekani ilijifunza kwa msiba

Hatari hii si ya kufikirika. Mnamo Julai 18, 1989, mwigizaji Rebecca Schaeffer, aliyekuwa na miaka 21, alipigwa risasi na kufa mlangoni pa nyumba yake mjini Los Angeles. Muuaji alikuwa shabiki aliyemwandama kwa muda mrefu. Anwani aliipata kupitia mpelelezi wa kulipwa, ambaye naye aliitoa kwenye rekodi za idara ya magari ya jimbo la California.

Hakuna mfumo uliodukuliwa. Rekodi iliombwa, ikatolewa.

Mwaka 1994, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda faragha ya madereva, inayojulikana kwa kifupi kama DPPA. Sheria hiyo inazikataza idara za magari za majimbo kutoa jina, anwani, simu au picha ya mtu, isipokuwa kwa matumizi 14 yaliyoorodheshwa. Miongoni mwake ni kazi za polisi, kesi za mahakamani, bima, na watengenezaji wanaoyaita magari yenye kasoro ili yarekebishwe.

Anayekiuka anaweza kushtakiwa na mwathirika na kutakiwa kulipa fidia isiyopungua dola 2,500. Jimbo la South Carolina lilipinga sheria hiyo hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2000 likashindwa.

Uingereza: gari liko wazi, jina limefungwa

Uingereza ina njia nyingine ambayo ni rahisi kuielewa. Yeyote akiandika namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, anaona bure aina ya gari, rangi yake, kama kodi imelipwa na kama limepita ukaguzi. Jina la mtu halipo.

Ukitaka jina, unaomba kwa idara ya magari, DVLA, na kueleza sababu yako ya msingi. Maneno ni yale yale ya sheria ya Kenya. Tofauti ni kwamba huko mambo ya gari na mambo ya mtu yametenganishwa milango miwili.

Hata huko kuna manung'uniko, hasa kwa sababu kampuni binafsi za maegesho hupewa majina ili zidai faini. Lakini mpita njia hapati jina kwa kudadisi tu.

Na Tanzania?

Tanzania usajili wa magari uko chini ya Mamlaka ya Mapato (TRA), na kadi ya gari ndiyo hati inayotajwa zaidi. Kwa namba ya gari, mtu anaweza kuangalia mtandaoni kama lina faini za trafiki au kama lina bima.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Faini za gari lako kuonekana ni jambo moja. Jina lako na namba ya simu kusambazwa ni jambo lingine, na tume ipo kwa ajili hiyo.

Ufanye nini kujilinda?

1. Ukiuza gari, hamisha umiliki mara moja. Kenya, gari lililouzwa halifai kutumika barabarani zaidi ya siku 14 bila mnunuzi kusajiliwa. Muuzaji ndiye huanzisha zoezi kwenye akaunti yake ya NTSA, mnunuzi akakubali. Ukingoja, kila kosa la gari hilo litabisha hodi kwako.

2. Usiposti picha ya logbook. Tangazo la kuuza gari linahitaji picha za gari, si hati. Mnunuzi wa kweli mpe namba akague mwenyewe.

3. Nakala za kitambulisho na PIN ya KRA usizitume WhatsApp kwa kila anayeuliza bei. Zitoe mkishakubaliana, kwa mtu unayemjua.

4. Ficha namba ya gari kwenye picha zako, hasa zilizopigwa nyumbani au shuleni kwa watoto.

5. Ukipigiwa na mtu anayetaja gari lako kwa undani, kata simu. Kisha piga mwenyewe kwa namba rasmi ya kampuni yako ya bima.

Na kama tayari umeanikwa?

Kwanza hifadhi ushahidi: picha za skrini, kiungo, jina la akaunti, tarehe na saa. Fanya hivyo kabla ya kuomba chapisho liondolewe, maana likifutwa ushahidi unapotea. Kisha ripoti chapisho kwa mtandao husika.

Hatua inayofuata ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data (ODPC). Malalamiko yanaweza kutolewa kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka yashughulikiwe ndani ya siku 90. Faini inaweza kufika KSh 5 milioni, au kwa kampuni asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Ofisi hiyo imeshauma. Mwaka 2023 iliitoza baa moja ya Nairobi KSh 1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

Kama umetishiwa maisha, usingoje ODPC. Nenda polisi, na hakikisha umepewa namba ya OB.

Kama rekodi yenyewe ina makosa, una haki ya kuomba data isiyo sahihi au iliyopitwa na wakati irekebishwe.

Kama wewe ndiye unatafuta jina

Jiulize jambo moja: ungeweza kumweleza afisa dirishani sababu yako bila kuona haya? Kununua gari, kudai fidia, kufuata kesi: hizo ni sababu. Hasira ya foleni si sababu.

Dereva akikuhatarisha, peleka namba na video polisi au NTSA. Na kumbuka kwamba ombi la rekodi linapita kwenye akaunti yenye jina lako, na ada inatoka kwenye simu yako. Anayemtafuta mwenzake naye anaacha nyayo.